Anayemwita Devota

Nasri na mkewe Sabiha hawakuwa na mpango wa kuhama. Walikuwa wamepanga vyumba nyuma ya soko la Majengo, mjini Dodoma, tangu walipooana, na binti yao Salwa alizaliwa humo na kukulia humo mpaka alipokwenda chuo Iringa. Lakini mwenye nyumba alifariki, na warithi wake wakataka kuibomoa wajenge maduka. Wakapewa muda wa kutafuta pengine.

Nasri, ambaye alikuwa na duka la magodoro, aliona heri wanunue nyumba yao kuliko kupanga tena. Kila mmoja alikuwa na lake alilolitazama. Nasri alitaka ukuta imara na barabara inayopitika wakati wa masika. Sabiha alitaka maji. Alikuwa amechoka na maji ya chumvi yasiyotoa povu, maji yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Bi Mwanne, mama yake Nasri aliyekuwa akiishi nao, alitaka kusikia adhana. Wazee wake walikuja bara na misafara ya biashara wakatulia hapa hapa mjini, na maisha yake yote hakuwahi kulala mbali na msikiti.

Walizunguka Nkuhungu, Ipagala na Nala. Nyumba moja ilikuwa nzuri lakini ikapakana na baa. Nyingine ilikuwa kwenye mkondo wa maji ya mvua, na alama ya tope ilionekana ukutani hadi usawa wa kiuno, ingawa dalali aliapa kwamba ni rangi. Hatimaye wakapelekwa Mkonze.

Mwenye nyumba aliitwa Luka Matonya, Mgogo, dereva wa malori aliyestaafu. Alikuwa amehamia Mlali kulima alizeti, na siku hiyo alikuja kuwaonyesha nyumba. Lakini hakuingia. Aliwafungulia geti, akampa Nasri funguo, akabaki nje kwenye kivuli cha ukuta, kofia mkononi.

Nyumba ilikuwa na kila kitu. Vyumba vilikuwa vikubwa, na jiko lilifungukia uani. Kisima kilichimbwa kirefu na maji yake yalikuwa matamu. Bi Mwanne alikinga kwa kiganja, akaonja, akamwambia Sabiha naye aonje. Mzabibu ulitambaa kwenye ukuta wa tofali za matundu uliowatenga na jirani. Upepo wa Dodoma, ambao huko nje ulikuwa ukirusha vumbi jekundu machoni mwa watu, humu ndani hata mlio wake haukusikika. Sabiha alisimama katikati ya sebule akajisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa nzima.

Walipotoka, Mzee Luka hakuuliza kama wameipenda. Aliuliza nani atakuwa nyumbani mchana. Sabiha akamjibu kwamba ni yeye na mama mkwe, kwa sababu kazi yake ni ushonaji na huifanyia nyumbani. Yule mzee akageuza kofia mkononi kwa muda.

"Ulipokuwa ndani, mama," akasema, "umesikia chochote?"

Sabiha alisema hakusikia kitu, na kwamba utulivu ule ndio alioupenda.

"Ndiyo," Mzee Luka akasema. "Ndani pametulia."

Aliwaeleza kuwa mkewe Emilia alifariki katika nyumba hiyo, na hakutaka kuwaficha. Bi Mwanne alisema hakuna nyumba isiyofiwa, akamwombea marehemu. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamehamia.

Jirani wa upande wa mzabibu alikuwa mwanamke wa makamo, Devota, mke wa fundi seremala aitwaye Silvano. Asubuhi ya kwanza alileta karanga za kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Sabiha alipomuuliza amwite mama nani, alicheka akasema hakujaliwa mtoto na kila mtu humwita Devota tu, wakubwa kwa wadogo. Alimwonyesha Sabiha duka la karibu, akamwambia mwenye kuku wazuri ni nani na wa kumwepuka ni nani. Sabiha akamwambia Nasri jioni ile kwamba wamepata jirani.

Lakini Devota wa asubuhi hakuwa Devota wa alasiri.

Baada ya adhuhuri, jua lilipoanza kuelekea upande wa vilima, mtaa ule ulibadilika. Watoto waliitwa ndani. Kina mama waliokuwa wakichambua mchicha barazani walibeba nyungo zao wakaingia. Redio zilifunguliwa kwa sauti ya juu, na kila nyumba kituo chake. Hali hiyo iliendelea mpaka karibu na magharibi, kisha watu wakatoka tena wakiwa wachangamfu kama kawaida. Sabiha aliyajua haya kwa sababu ukimfungulia mtu geti saa hizo unaona njia nzima tupu, na redio zikigombana. Yeye mwenyewe saa hizo huwa kwenye cherehani na hatoki.

Siku moja uzi mweusi ulimwishia akiwa katikati ya sare za shule. Akaenda kwenye ukuta wa matundu akamwita Devota, amuulize kama anao. Kwa kupitia tundu alimwona vizuri, ameketi kwenye kigoda akimenya karanga. Alipoita, mikono ya Devota ilisimama. Alipoita tena, Devota aliinuka bila kugeuza uso, akaongeza sauti ya redio, akaingia ndani na kufunga mlango.

Sabiha alirudi kwenye cherehani akiwa ameumia. Alifikiri labda ni mambo ya dini, au ni kwamba watu wa huku huwaona wa mjini kuwa wanajisikia. Kesho yake asubuhi Devota alikuja na ubuyu kwenye bakuli, akamwamkia Bi Mwanne shikamoo kwa kupiga goti, akakaa wakapiga soga kana kwamba hakuna lililotokea. Sabiha hakuuliza. Alijiambia hatamwita tena mchana, wala hakumwita, mpaka siku Bi Mwanne alipoanguka.

Ilikuwa alasiri ya Ijumaa. Bi Mwanne aliingia bafuni kutia udhu, na Sabiha akasikia kishindo. Mlango wa bafu ulikuwa unafungukia ndani, na mama wa watu alikuwa ameangukia nyuma yake. Sabiha aliusukuma ukafunguka kiasi cha mkono kupita, basi. Alipenyeza mkono amguse, akaona kanga yenye maji, na damu ikitoka kwenye nywele nyeupe.

"Mama, unanisikia?"

Bi Mwanne alimjibu kwa sauti ndogo kwamba mguu haumtii. Sabiha alimpigia Nasri simu, ikaita mpaka ikakatika. Baadaye alijua kwamba Nasri alikuwa na wateja, na simu aliiacha kwenye droo. Akaujaribu mlango tena kwa bega, akamsikia mama akilia kwa maumivu, akaacha. Alihitaji mtu mwenye nguvu na vifaa vya kung'oa mlango, na mtu huyo, Silvano, alikuwa nyuma ya ukuta.

Akakimbia uani.

"Devota! Devota, njoo! Devota, nakufa huku, njoo!"

Aliita mpaka koo likakwaruza. Kwenye tundu la tofali aliona mgongo wa Devota mlangoni. Aliona mkono wake ukienda kwenye redio, na muziki wa kwaya ukapanda. Nyumba ya pili nayo ikaongeza. Sabiha hakuwahi maishani mwake kuwa na hasira kama ile. Aliliendea geti, akalifungua kwa nguvu, akatoka nje ili aende akamshike mkono mtu yeyote atakayemkuta.

Hapo nje akamsikia Bi Mwanne akiita.

Ndivyo alivyodhani. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikitoka ndani ya nyumba yake, upande wa jikoni, ikiita kwa nguvu. Sabiha aligeuka akaingia getini, na sauti ikakatika. Uani palikuwa kimya, maji yakidondoka kwenye ndoo. Akaita, "Mama?" Bi Mwanne akajibu kule kule bafuni, kwa ile ile sauti ndogo, kwamba hajaita.

Sabiha akarudi nyuma hadi nje ya geti. Sauti ikawepo.

Haikuwa ya mama mkwe. Ilikuwa ya mwanamke ambaye hajazeeka, sauti nene kidogo, yenye lafudhi ya Kigogo. Haikuwa na hasira wala haikuwa ya mzimu kama watu wanavyoigiza. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita jirani yake, anapumzika apate pumzi, kisha anaita tena.

"Devota! Wee Devota, njoo! Devota, nakufa huku."

Sabiha alielewa kwamba muda wote alipokuwa uani akiita, huku nje walikuwa wakisikika wawili, wakiita jina moja kwa maneno yale yale, na hakuna ambaye angeweza kuwatofautisha. Alisoma aya aliyoikumbuka, akaishia katikati. Kisha akamkumbuka mama, akakimbia.

Aliusukuma mlango wa Devota akaingia bila hodi. Devota alikuwa ameketi chini, viganja masikioni. Alipomwona Sabiha mbele yake, mtu halisi, kanga imeloa na damu vidoleni, alitoa macho kama anayetazama kitu ambacho hakipaswi kuweza kutembea.

"Ni mimi," Sabiha akasema. "Mimi ndiye ninayekuita. Mama ameanguka."

Devota alimgusa mkono kwanza. Kisha akamwita mumewe kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, na Silvano akatoka karakana na nyundo na patasi. Waliyapita malango ya nyumba, na Sabiha aliona jinsi Devota alivyokaza shingo walipofika getini, pale ambapo sauti ilikuwa ikiita jina lake bado, na jinsi ilivyokatika walipovuka. Silvano aling'oa bawaba za mlango wa bafu. Watu wengine wakaja, wale wale wa redio, na mmoja alikuwa na bajaji. Bi Mwanne akapelekwa hospitalini mjini. Nyonga ilikuwa imevunjika na kichwa kikashonwa, lakini alikuwa hai.

Huko hospitalini, kwenye benchi la nje, ndiko Devota alikomsimulia Sabiha.

Yeye na Emilia walikuwa wametoka kijiji kimoja na waliolewa mwaka mmoja. Emilia alikuwa mtu wa kuita. Akitaka chumvi, anaita. Akisikia habari, anaita. Akichoka tu na kazi za nyumbani, anaita Devota aje wakae. Mtaa mzima ulizoea. Siku aliyokufa, Devota hakuwepo nyumbani, wala Silvano. Alikuwa Busi, huko Kondoa, kumsaidia dada yake kuvuna uwele. Emilia alianguka jikoni alasiri, presha imepanda, akaita jina alilozoea kuliita. Majirani walimsikia wote. Kila mmoja alisikia kwamba anaitwa Devota, na kila mmoja akajua Devota atakwenda. Mama mmoja alimwambia Devota baadaye kwamba aliacha hata kutega sikio, kwa kuwa hakuitwa yeye.

Baada ya mazishi sauti ikaendelea, alasiri nyingi, si zote. Mwanzoni walikuwa wakikimbilia pale, na Mzee Luka anawakuta mlangoni wanahema. Yeye hakusikia kitu. Hata akisimama nje pamoja nao, hakusikia. Alifikiri wanamfanyia mzaha, akawafukuza. Katekista akaja wakasali, ikanyamaza, kisha ikarudi. Mwishowe kila mtu alijifunza kutokwenda.

"Ananiita mimi," Devota akasema. "Nilikwenda siku nyingi sana, Mama Salwa. Ukifika, hakuna mtu. Unasimama jikoni kwa mwenzako, hakuna mtu, na ukitoka anakuita tena."

Sabiha alimuuliza kwa nini hakumwambia walipohamia. Devota alisema Silvano alimkataza. Walitaka sana nyumba ile iwe na watu tena.

Nasri hakuamini, mpaka alipofunga duka mapema siku moja akasimama getini. Alisimama muda mrefu. Alipoingia ndani alikaa kitandani akamwambia Sabiha kwamba wanahama. Shehe alikuja akasoma dua, akakataa chai, akaondoka. Nasri akampigia Mzee Luka simu na kumwambia maneno makali: kwamba aliwauzia kitu na kuwaficha kitu. Mzee hakujitetea. Alisema atakuja.

Alifika siku ya pili, na vumbi la safari kwenye nyusi. Bi Mwanne alikuwa amerudi, amelazwa chumba cha mbele, na Mzee Luka akamsalimia kupitia dirisha linaloelekea njiani, bila kuvuka geti. Kisha akasimama getini na Nasri, Sabiha na Devota. Upepo ulikuwa mwingi. Walikuwa hawajamaliza kujuliana hali, sauti ikaanza, na Sabiha aliona mumewe akigeuka kutazama upande wa jikoni.

"Ameanza?" Mzee Luka akauliza. Alikuwa akizitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, kama kiziwi anavyotazama.

Nasri akaitikia kwa kichwa.

"Anasema nini?"

Nasri, ambaye alikuja na hasira yake yote, alitazama chini.

"Nimewauliza watu wa mtaa huu mara nyingi," Mzee Luka akasema. "Hawanitazami. Wanasema tu kwamba anaita. Mimi nataka kujua anamwita nani."

Devota alijaribu kumjibu, akaanza kulia. Sabiha aliona kwamba ni juu yake. Lilimpitia wazo la kumdanganya yule mzee, amwambie kwamba jina lake nalo limo, kwa kuwa ni mume na alistahili kuitwa na mkewe dakika zile za mwisho. Lakini sauti ilikuwa ikisikika pale pale, na hakuthubutu kuisemea uongo.

"Anamwita Devota," akasema. "Kila ninaposikia, ni Devota tu. Nisamehe, mzee wangu. Wewe hakutaji."

"Hanitaji kabisa?"

"Hapana."

Mzee Luka alishika nguzo ya geti. Uso wake ulikunjuka polepole, na kilichoonekana hakikuwa huzuni aliyoitarajia Sabiha.

Akawaambia ambalo alikuwa hajamwambia mtu. Siku ile alikuwa nyumbani. Lori liliharibika Kibaigwa, akarudi na gari la usiku, akafika alfajiri Emilia akiwa kwenye misa. Alipitia mlango wa nyuma, akajifungia chumba cha uani asisumbuliwe, akalala usingizi wa mtu aliyeendesha siku nyingi. Alipoamka jua lilikuwa linazama. Alipita jikoni akamkuta. Tangu siku hiyo alijua kwamba mkewe alimwita, akamwita, na yeye hatua chache tu kutoka pale alikuwa anakoroma. Na kwamba kutosikia kwake sasa ni adhabu ya kutosikia kwake siku ile.

"Kumbe hakujua nimerudi," akasema. "Alidhani niko njiani."

Alirudia maneno hayo. Kisha akavaa kofia yake, akaivua tena, akavuka geti kwa mara ya kwanza tangu alipoiuza nyumba. Walimwona akikatiza ua, akainama kidogo kwenye mlango wa jikoni kama mtu mrefu aliyezoea kugonga kichwa, ingawa hakuwa mrefu tena.

Watatu walibaki nje. Sauti iliita, "Devota! Wee Devota!" ikavuta pumzi. Devota alichukua hatua kuelekea getini, Sabiha akamshika kanga. Hawakumsikia Mzee Luka akisema neno lolote humo jikoni. Lakini jina la Devota, lililokuwa linaanza tena, liliishia silabi ya kwanza, kama vile mtu anavyoacha kuita anapoona kivuli kimeingia mlangoni.

Mzee Luka alikaa humo mpaka Sabiha alipomwendea na chai. Hakusema alichokiona, wala kama alikiona, na hakuna aliyemuuliza. Jioni alikunywa chai, akamshukuru Bi Mwanne kwa kumtunzia nyumba, akapanda basi la Mlali.

Hawakuhama. Nasri alizungumzia kuhama mpaka mwezi ukaisha, na dalali akawapeleka kuona nyumba mbili zenye ukuta mrefu kuliko ule. Bi Mwanne alisema hatabebwa na nyonga yake kupelekwa kwa watu wasiomjua, na Sabiha akasema yeye pia. Badala yake alimwomba Silvano atoboe ukuta wa tofali za matundu, pembeni ya mzabibu, akatia mlango mwepesi wa mbao usio na kitasa. Nasri alilalamika kwamba ametafuta ukuta mji mzima, na sasa unabomolewa. Kuku wa Devota walianza kuingia na kuharibu mboga.

Sauti haikukoma kabisa, ila redio zilipungua. Alasiri Devota hupita pale na karanga zake na kumenyea huku, karibu na kitanda cha Bi Mwanne, wakisemezana mambo yasiyo na mwisho. Wakiwa ndani hawasikii kitu. Zipo siku ambazo mtu wa mtaani, akipita nje na mzigo wake, husimama, hugonga geti na kuingia, hata kama jina analolisikia si lake. Humwuliza Sabiha kama kuna shida, na Sabiha humwambia hakuna, karibu ukae.